Bizimu la Kidole Kimoja

Jumatatu, 18 Februari 1974

Wamae amerudi. Mara ya tatu tangu mwaka uanze! Amebwaga matandiko ya punda wake mezani kwangu kama mtu aliyeleta maiti. Mkanda wa kifua umekatwa vipande viwili kwa panga. Ngozi niliyoishona mwenyewe, mishono minane kwa inchi. Nilitaka kumchapa nayo.

Kisa ni kile kile. Anauza maji Giakanja. Kila asubuhi anashuka mtoni, anarudisha mkokoteni kinyumenyume mpaka maji yaguse mapipa, ndipo anachota kwa debe. Wauza maji wote wanafanya hivyo, kuokoa migongo. Jana gurudumu lilizama kwenye matope, mkokoteni ukaanza kumvuta punda nyuma. Punda macho yamemtoka, anakoroma. Wamae akakata mkanda. Punda akapanda ukingo, mkokoteni ukabaki unaoga.

Nikamwuliza kwa nini hafungui bizimu kama watu wenye akili zao. Akacheka. "Fundi, hiyo chuma yako ikivutwa haifunguki. Kuja ujaribu wewe, punda ikikufa."

Nimeudhika kwa sababu amesema kweli.

Baba alikuwa kwenye mkeka wake karibu na dirisha. Akasema mkanda ukikatwa ni kazi kwangu, nalalamika nini. Miaka ishirini alishonea farasi wa Wazungu kule Timau, kwenye mashamba ya ngano. Sasa mikono inamtetemeka, hata kikombe cha chai kinamshinda. Anachokishika vizuri ni makosa yangu.

Jumanne, 19 Februari

Nimekaa na bizimu la kawaida mbele yangu tangu asubuhi. Fremu ya chuma, na ulimi unaoingia kwenye tundu la mkanda. Basi. Watu wameliamini tangu enzi za babu zao.

Lakini hebu angalia! Ili ulimi utoke kwenye tundu, lazima kwanza uvute mkanda uzidi kukaza. Kidogo tu, nusu inchi. Na hiyo nusu inchi huipati mapipa mawili yakivuta upande wa pili. Ngozi ikilowa inavimba, tundu linabana, ndiyo kabisa.

Kwa hiyo ukitaka kufungua, kaza kwanza. Nani alibuni upuuzi huu? Mtu ambaye hajawahi kuingia mtoni na punda, bila shaka.

Nilimweleza Baba. Akasema kazi ya bizimu ni kushika. Linalofunguka ovyo si bizimu, ni mlango. Akageukia ukuta.

Jumamosi, 2 Machi

Nimeenda mji wa Kenol kuchukua ngozi. Miguu yote vumbi. Lakini nimeona kitu!

Lori la kabichi limesimama pale njia panda. Ubao wa nyuma umejaa, kabichi zinausukuma mpaka umepinda. Mpakuzi akaja na nyundo. Hakukaza kitu, hakuvuta kitu. Akagonga pete moja ndogo, kidole cha chuma kikaruka, ubao ukaanguka — pap! — kabichi chini. Mzigo wote ule, pete moja.

Nilisimama pale na ngozi kichwani mpaka akaniuliza kama nataka kabichi ama namtaka yeye. Nikamwambia nataka pete yake. Nusu ya Kenol ikacheka. Wacha wacheke. Niliolewa mara moja Nanyuki, nikarudi kwa Baba na cherehani tu. Kucheka kwa watu nimekuzoea.

Jumatano, 6 Machi

Kwa Gicheru, mhunzi, kibanda chake nyuma ya soko. Nilichora kwa mkaa juu ya mfuko wa unga. Upande mmoja wa mkanda, kitanzi cha chuma. Upande wa pili, kidole cha chuma chenye bawaba, kinapita ndani ya kitanzi na kukunjwa kirudi nyuma. Halafu pete inateleza juu ya ncha ya kidole na kukishika kisifunuke. Ukitaka kufungua, sukuma pete kwa kidole gumba. Mzigo wenyewe ndio unaokifungua. Ukivutwa zaidi ndiyo vizuri zaidi!

Gicheru aliugeuza mfuko huku na huku. Ni mtu wa maneno machache, na nusu ya hayo machache anakiambia chuma. Akasema, "Hii ni ya punda ama ni ya jela?" Nikasema ya punda. "Basi nitatumia springi ya gari. Haivunjiki."

Nimefurahi mpaka nikasahau kula.

Jumatatu, 11 Machi

Aibu.

Wamae alimfunga punda bizimu asubuhi kwa hiari yake, yeye ndiye wa kwanza. Alipofika pale kwenye mawe karibu na soko la Giakanja, mkokoteni ukaruka ruka, pete ikateleza yenyewe, kidole kikafunuka. Punda akaendelea na safari yake peke yake. Mkokoteni ukalala, maji yakateremka barabarani, watu wakaja na vibakuli kukinga.

Alikuja kunieleza. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma. "Fundi, sasa hii inafunguka sana."

Baba alicheka. Sijamsikia akicheka tangu mama afe, na leo amecheka.

Ijumaa, 15 Machi

Dawa ni kijino. Kijino kidogo kwenye ncha ya kidole, pete inakaa nyuma yake. Mtikisiko hauiondoi, lakini ukibonyeza na kusukuma inatoka. Gicheru amepiga tupa vijino vinne leo. Cha kwanza kirefu mno, pete haitoki. Cha pili kifupi mno. Cha tatu kimevunjika. Cha nne — hicho!

Tumetundika gunia la mawe kwenye boriti ya kibanda chake. Kidole gumba kimoja. Gunia likaanguka puu! Tumemwaga maji juu ya ngozi, tukaiacha ilowe mpaka adhuhuri, tukatundika tena. Puu! Gicheru akatabasamu, nikaona kumbe ana pengo.

Alhamisi, 21 Machi

Wamae amelichukua jipya. Nilimfundisha kufungua akiwa amefumba macho. Mara kumi na mbili, hajakosa hata moja. Kwa nini kufumba macho? Kwa sababu ndani ya maji hutaona chuma, utakipapasa.

Alifurahi kama mtu aliyepata gari. Akasema sasa panga linabaki nyumbani, Kabura mkewe amelilia siku nyingi, analitaka kwa majani ya ng'ombe. Kila siku wanagombania panga moja. "Leo nimemaliza ugomvi ya nyumba yangu. Ni wewe umemaliza, fundi."

Nilimpa na kikombe cha chai.

Jumanne, 26 Machi

Limefanya kazi! Limefanya kazi! Limefanya kazi!

Mvua ilinyesha milimani usiku, mto umejaa. Gurudumu likateleza, mkokoteni ukaanza kwenda. Wamae akapapasa, akasukuma pete. Punda yuko juu ya ukingo hata kabla hajaelewa. Walikuwa wauza maji sita pale, wote wameona. Leo watatu wamekuja kuagiza. Hata yule Theuri, mpinzani wake, mdomo mrefu kama samaki chuchunge, amekuja kushika shika na kuuliza kama ni Mzungu aliyetengeneza.

Nikasema ni mimi. Mwanasiti binti Shariff, wa Majengo, Nyeri. Akasema haiwezekani. Nikamwambia basi endelea kukata mikanda yako, nitaendelea kuishona.

Nilimpelekea Baba bizimu alishike. Aliligeuza geuza. Pete ikagonga gonga kwa jinsi mikono inavyotetemeka. Nilingoja. Akasema mshono wa kwenye kitanzi umepinda.

Umepinda kweli, kidogo. Lakini angeweza kusema neno moja tu kabla ya hilo.

Jumamosi, 30 Machi

Wanaume ni watoto walioota ndevu.

Jana mtoni, kwenye foleni, Theuri alipita karibu na punda wa Wamae akasukuma pete. Kwa utani! Mapipa yalikuwa yamejaa. Mkokoteni ukainuka, ukabinuka nyuma, pipa likamwangukia Wamae mguuni. Kidole cha mguu kimepondeka, ukucha umetoka. Wote wakacheka, na Theuri akacheka kuliko wote. Sasa umekuwa mchezo. Kila mtu akipita anasukuma pete ya mwenzake. Wote watatu walioagiza wamerudisha. Wanasema kitu cha kufunguliwa na kila mtu si kitu cha kuaminika. Hata mwizi akitaka punda, hana haja ya kisu.

Nikasema si bizimu lenye makosa, ni nyinyi. Hawakunisikiliza. Kwao, kitu kigumu kufungua ndicho kitu imara.

Baba alikuwa pale dirishani. Alinitazama tu. Heri angesema.

Jumatatu, 1 Aprili

Wamae amekuja anachechemea. Hakutaka kurudisha. Alisema bizimu ni nzuri, shida ni watu. Aliomba nimfungie pete kwa waya, isisogee. "Kidogo tu, fundi. Theuri akiweka mkono akute imekataa."

Nilikataa. Nikamweleza: ukifunga pete, umerudi kule kule. Akasema atakuwa anatoa waya kabla ya kuingia mtoni. Nikakataa tena. Akasema basi, itabidi arudishe kama wenzake, maana Kabura amemwambia hataki kuona ukucha mwingine umetoka.

Nataka kuandika ukweli hapa, kwa sababu hapa hakuna anayesoma. Sikufikiria mguu wake. Nilifikiria bizimu la mwisho likirudi mezani kwangu, na Baba akilitazama.

Nilifunga waya.

Na mimi sijui kufanya kazi mbaya. Ningezungusha mara mbili na kuacha ncha zimening'inia, mtu yeyote angetoa kwa vidole. Lakini ncha ya waya inachoma ngozi ya punda, inafanya kidonda. Kwa hiyo nilizungusha mara tano, nikasokota kwa koleo, nikakunja ncha ndani, nikaifukia chini ya ngozi. Ukipitisha kidole husikii kitu. Laini.

Wamae aliipenda sana. Nilimwambia: ukienda mtoni, toa. Alisema ndiyo, ndiyo. Sikumwuliza atautoa kwa kutumia nini. Hana koleo yule.

Ijumaa, 5 Aprili

Maulidi. Nimepika biriani kwa jirani, vitunguu vimenitoa machozi. Baba alikaa na wazee. Nilimsikia mmoja akimwuliza kuhusu lile dude la punda, akajibu kwamba bado mmoja analitumia. Bado mmoja! Alisema bila ubaya. Nimebeba maneno hayo mpaka nyumbani.

Mvua.

Jumatano, 10 Aprili

Nimemwona Wamae sokoni na mapipa. Nikapapasa bizimu. Waya uko pale pale, na matope yamekauka juu yake. Hajawahi kuutoa hata siku moja.

Nikasema, Wamae! Akasema Theuri alijaribu mara mbili akashindwa, akaumia ukucha yeye sasa, ha! Nikamwambia aje Jumamosi nimtolee, nitafikiria njia nyingine, labda pini yenye kamba. Akasema baada ya Pasaka, sasa maji yanatakiwa sana, kila nyumba ina wageni.

Nilikuwa na msharasi wangu wa kutobolea ngozi kwenye mfuko wa gauni. Ningeweza kuuchokoa pale pale. Ingechukua muda, na watu walikuwa wamesimama wanangoja maji, na mvua ilikuwa inaanza. Nikasema haya, baada ya Pasaka.

Jumapili, 14 Aprili

Pasaka yao. Mvua tangu alfajiri. Nimechora pini yenye kamba, mara nne. Bado.

Jumanne, 16 Aprili

Wamae amekufa.

Siwezi kuandika zaidi.

Jumatano, 17 Aprili

Theuri ndiye aliyekuja kutuambia jana, amelowa mpaka kifuani. Alisimama mlangoni hakutaka kukaa. Naandika alivyosema, nisije nikaanza kujidanganya baadaye.

Mto ulipanda ghafla, maji mekundu, na vigogo. Mkokoteni wa Wamae ulikuwa tayari ndani, kinyumenyume. Maji yakaubeba kwa ubavu. Punda akavutwa mpaka shingoni. Wamae akaingia, akafika kifuani kwa punda, mikono yote miwili chini ya maji. Theuri akampigia kelele atoke, aache. Wamae akajibu, "Inafunguka! Ngoja, inafunguka!" Alisema hivyo mara nyingi. Alikuwa anatazama juu, anapapasa.

Nilimfundisha mimi. Macho juu, papasa.

Theuri akauliza panga liko wapi. Hakuna mwenye panga. Akakimbia shamba la juu, akapata moja, akarudi. Wamae hayupo. Gogo limempiga, au ameteleza, hakuna aliyeona. Mkokoteni ulikuwa umekwama kwenye jiwe, punda pua nje. Theuri akakata mkanda pembeni ya bizimu, punda akatoka. Wamae wamempata saa kumi, chini kule, kwenye mizizi.

Theuri akalia mbele yetu. Mtu mzima! Akasema ni yeye aliyeanza ule mchezo wa pete. Akasema, "Mimi nilikuwa nacheza tu, mama. Kucheza tu."

Nilimpa kitambaa ajifute. Nikamwambia si yeye. Hapo nilikuwa na nafasi ya kusema ni nani. Sikusema.

Alhamisi, 18 Aprili

Gicheru ameleta matandiko. Walimpa yeye kwa sababu chuma ni chake. Ameyaweka mezani polepole, hakuniangalia.

Anaamini pete ilikwama. Anasema kijino kile, labda alipiga tupa vibaya, labda kuna kikwaruzo, maji yakaingiza mchanga. Hajalala. Watu Giakanja wanasema chuma cha Gicheru kimeua mtu. Naibu wa chifu amemfungia kibanda mpaka achunguze. Atakuja hapa Jumatatu saa tano, na polisi, waangalie bizimu, na Gicheru awepo.

Nikamwuliza: umelitazama wewe? Akasema hapana. "Siwezi, fundi. Tangu wanipatie nimefunga kwa gunia tu. Mkono inakataa."

Hajui kuhusu waya. Kabura, hata kama ameuona, hajui maana yake. Theuri alijua pete inakataa, hakujua kwa nini. Aliyejua ni Wamae, na mimi.

Gicheru aliniuliza kama namlaumu. Nikasema hapana. Akasema ahsante. Amenishukuru mimi, ya Rabi!

Ijumaa, 19 Aprili

Sijafungua gunia. Limelala mezani na mimi nashona viatu pembeni yake.

Kukata waya ni kazi ya dakika moja. Nikiukata, litabaki bizimu, na pete, na kijino. Polisi atasukuma pete, labda itatoka, labda kwa mchanga itakwama. Kwa vyovyote vile ni chuma cha Gicheru. Ana watoto watano. Na mimi nina Baba.

Naona nimeandika "na mimi nina Baba" kana kwamba vinalingana.

Jumamosi, 20 Aprili

Wamemzika Wamae leo. Nilienda. Nilisimama nyuma, na leso kichwani, watu wa Giakanja wakanipisha kwa heshima, wakanipa kiti. Kabura alinishika mkono. Mkono wake una malengelenge mapya, na nilipotazama ukutani mwa nyumba nikaliona lile panga, limenolewa, linang'aa, majani ya ng'ombe yamelundikwa chini yake. Alikuwa amekata majani asubuhi ile ile. Ng'ombe hajui msiba.

Niliporudi, gunia lilikuwa limefunguliwa. Baba alikuwa amekaa mezani kwangu, kwenye kiti changu, ambako hajakaa miaka sita. Bizimu lilikuwa mbele yake. Macho yake siku hizi hayaoni vitu vya karibu, kwa hiyo alikuwa amefumba, na vidole vinatetemeka juu ya pete, vinapita, vinarudi, vinapita.

Hakugeuka. Aliniita jina.

Akasema, "Gicheru hawezi kukunja ncha namna hii."

Nilivua leso, nikaikunja.

"Nimetafuta ncha ya waya tangu uende mazishini. Sijaiona. Ulimchunga punda asichubuke." Akapitisha kidole tena. "Kazi safi hii, Mwanasiti. Hata mimi, mikono yangu ilipokuwa mikono, singeweza safi hivi."

Miaka yote nimengoja aseme. Aliposema, nilitoka nikaenda kukaa nyuma ya choo.

Hakuniambia nifanye nini. Nilirudi nikamkuta mkekani, amegeukia ukuta.

Jumapili, 21 Aprili

Koleo liko mezani. Nimelichukua mara tatu, nimelirudisha mara tatu. Mara ya nne nimeliweka ndani ya chungu nisilione.

Nimejaribu kuutoa waya kwa vidole. Nimelowesha bizimu kwenye karai, nikafumba macho, nikatazama juu, nikapapasa. Nilihesabu mpaka mia tatu. Kucha mbili zimevunjika. Haukusogea.

Kengele za kanisa. Watu wanapita wakiwa wamevaa vizuri.

Jumatatu, 22 Aprili

Saa nne na nusu. Naandika nimesimama, nyuma ya pazia la chumba, haraka.

Kabura amekuja. Sikumtarajia! Nilidhani ni wale. Yuko mlangoni na punda, mtoto mchanga mgongoni. Mguu wa nyuma wa punda una kidonda lakini anatembea. Kabura anasema mapipa yamepatikana, mkokoteni umetengenezwa na Theuri bila kuitisha kitu. Kesho anaanza yeye. Wateja wa mume wake wamesema watamngoja mpaka kesho, si zaidi.

Amekuja kuchukua matandiko. Nikamwambia mkanda wa kifua umekatwa. Akasema anajua, nishone. Nikamwambia nitamwekea bizimu la kawaida, lile la zamani, abebe na panga. Akakataa. Ati panga atabebea wapi, mgongoni kuna mtoto na mkononi kuna kamba ya punda. Anataka lile lile la mume wake.

Nikasema, Kabura, lile halifunguki.

Akasema anajua hilo pia. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Wamae alikuwa anasifu hiyo sana. Alikuwa anasema Mwanasiti amefunga, na hakuna mtu anaweza kufungua. Mimi ni mwanamke, dada. Hao wanaume wa mtoni watanichezea kuliko vile walimchezea yeye. Nifungie hivyo hivyo. Hata kaza kidogo."

Nikamwambia ngoja nitafute uzi. Sitafuti uzi. Uzi uko mezani.

Baba ameamka, amekaa wima. Alisikia yote. Ananitazama mimi, halafu chungu, halafu mimi. Kumbe alijua nilikoliweka koleo.

Kutoka dirishani naona barabara mpaka kwenye kona. Kofia ya polisi. Naibu wa chifu na fimbo yake. Gicheru yuko katikati yao, amevaa koti la kanisani, kichwa chini. Wamefika kwa muuza mkaa.

Bizimu liko mkononi mwangu hapa. Koleo pia, sasa. Gicheru ameinua kichwa, ameliona pazia likisogea, amenipungia mkono.

Kabura ananiita. Anauliza kama nimekosa waya. Ati iko ingine nyumbani, ilibaki ya Wamae, anaweza kukimbia akaileta.